"Mhusika apate adhabu": waandishi wa hadithi fupi, kwa mchapishaji mnakubali mpaka wapi?

#1 MLETA UZI

Wakuu habari za jioni. Leo naomba tuongee kazi, siasa tuziache kwenye nyuzi zake.

Nina mswada wa hadithi fupi nimeupeleka kwa mchapishaji mmoja (simtaji, tusiharibiane riziki) na wamejibu vizuri tu, wamesifia lugha, wanasema wako tayari kuchapa ILA. Hiyo ila ndo imenileta hapa.

Hadithi mojawapo inamhusu nesi wa zahanati anayechukua hela za watu ili wapite foleni. Nimemwandika kama mtu, sijamwandika kama bango la TAKUKURU la kupinga rushwa. Mtoto wake karudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, mshahara unakatwa mkopo mpaka unakuja umekonda, na hela anachukua, tena anachukua kwa heshima kabisa. Mwisho nikaumaliza hivi:

"Akazikunja zile noti, akazisukumia ndani ya soksi, akanyoosha gauni. 'Anayefuata!'"

Basi, imeisha. Sasa mhariri kaniwekea komenti pembeni kwenye Word, maneno matatu: "Mhusika apate adhabu." Na kwa wema wake akanipa na mfano, kwamba aje mkaguzi ghafla, nesi asimamishwe kazi, halafu wakati anatoka getini na mkoba wake "akatambua kuwa rushwa ni adui wa haki". Jamani, hiyo si ahadi ya mwanaTANU! Nilicheka, halafu nikanuna.

Mengine ni kwamba bia ziwe "vinywaji" (hadithi inatokea baa, watu wanaanguka mtaroni wakitoka, sijui wamelewa soda), yule jamaa na mchumba wake wasilale chumba kimoja, kila hadithi iwe na maswali mwishoni, na la mwisho ndo zito, hadithi tatu zinazotokea mtaa mmoja niziunganishe ziwe riwaya kwa sababu hadithi fupi haziuzi.

Sasa kabla hamjaniita msanii wa majivuno, mimi si wa kundi la "neno langu lisiguswe". Hadithi ya nne walinikatia kurasa mbili za mwanzo na imependeza kuliko ilivyokuwa, nimekubali bila hata kubishana. Tatizo langu ni kwamba zile kurasa mbili zilikatwa kwa faida ya hadithi, hii adhabu ya nesi inaongezwa kwa faida ya nani? Sijawahi kukutana na msomaji aliyefunga kitabu akasema kimekosa mkaguzi.

Nyie mnafanyaje? Mnakubali mpate kuchapwa, au mnafungia kabatini?

#2 CHA MTU MAVI

Mkuu chukua hela. Umeandika hadithi ya nesi anayechukua hela, na wewe chukua, halafu uite "Anayefuata!"

#3 MHARIRI MCHOVU

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi, ngoja niseme ambayo mhariri wako hawezi kukuandikia kwenye imeli.

Huyo mhariri inawezekana kabisa alipofika kwenye soksi alitabasamu. Halafu akakumbuka kikao cha mauzo. Watu wanadhani mchapishaji wa Tanzania anaishi kwa kuuzia wasomaji, aisee, maduka ya vitabu yako mangapi nje ya Dar, Arusha na Dodoma? Tunaishi kwa shule. Na shule zenyewe zimebadilika. EMAC, ile kamati ya kutoa ithibati kwa vitabu vya shule, ilivunjwa 2013, baada ya hapo vitabu vya kiada vikarudi mikononi mwa Taasisi ya Elimu, kwa hiyo ule mkate mkubwa wachapishaji binafsi walionyang'anywa ndo ulikuwa unalipia vitabu kama chako. Zamani hisabati ya darasa la tano inauza, faida yake inachapa diwani mbili za mashairi ambazo hazitauza milele, na mkurugenzi anajua na anakaa kimya. Siku hizi kila kitabu kinatakiwa kijilipie chenyewe.

Hilo la kuunganisha ziwe riwaya, usimchukie mtu. Kumbuka ulivyosoma kidato cha tatu na cha nne: ushairi, riwaya, tamthiliya. Mtihani unakuja "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, toa hoja tatu kwa kila kitabu". Hadithi fupi imekaa wapi hapo? Haina kiti. Kwa hiyo mtu wa mauzo anaona jina "Hadithi Fupi" kwenye jalada anasikia "maboksi ghalani".

Na adhabu ya nesi ni woga, sikufichi. Mwalimu mkuu akipigiwa simu na mzazi mmoja tu kwamba mtoto anasoma kitabu ambacho mla rushwa anashinda, kitabu kinarudi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikarudi na watu wakaifanyia mtihani. Ni kweli ilirudi. Ila mhasibu hawezi kusubiri kitabu kirudi.

#4 MWALIMU WA FASIHI, KENYA

Hamjambo majirani. Huku kwetu hadithi fupi ina kiti, tena kikubwa. Kiswahili karatasi ya tatu, 102/3, diwani ya hadithi fupi inatahiniwa pamoja na riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Diwani ikiteuliwa na KICD, taasisi yetu ya mitaala, ni nchi nzima inanunua kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo msidhani tatizo lenu litaisha mkipewa kiti, litabadilisha tu nguo.

Waandishi wetu wengi siku hizi wanaandika wakilenga dondoo. Mnalijua lile swali, "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4", nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, kwa nini. Sasa unasoma hadithi unaona kabisa sentensi imesimamishwa katikati ya ukurasa kama mtu anayesubiri kupigwa picha, imejaa methali mbili na tashbihi, hakuna binadamu anaongea vile na mumewe jikoni, lakini mwandishi anajua hapo alama zipo. Na maudhui lazima yawepo, ufisadi, ndoa za mapema, dawa za kulevya, nafasi ya mwanamke, kila hadithi imebeba lake na lebo juu.

Lakini niwaambie kitu nilichoona darasani. Hadithi ambayo funzo lake liko wazi huisha dakika kumi, wanafunzi wananakili maudhui wanafunga daftari. Ile ambayo mhusika hamjui kama mumpende au mumchukie, kengele inalia na bado wanabishana, mmoja amesimama juu ya kiti. Mla rushwa wa huyu ndugu yetu ningempeleka Form Three kesho na ningetafuta nafasi ya kukaa.

Na wakati mwingine shule hushangaza. Kezilahabi huyo huyo aliandika "Mayai Waziri wa Maradhi", ikatoka kwenye gazeti la Mzalendo mwaka 1978. Ni hadithi ngeni, ya kimaruweruwe, hebu jaribu kuifupisha kwa mtu uone atakavyokutazama. Hiyohiyo ndiyo baadaye ikabeba jina la diwani nzima iliyohaririwa na Wamitila, ikachapwa Nairobi na Focus 2004. Mtu fulani katika ofisi fulani alisema "hii twende nayo". Wapo watu wa namna hiyo.

#5 ITAENDELEA

Nyie mnaolia na wachapishaji karibuni huku kwetu mtandaoni mpate adabu 😂

Mi naandika hadithi za simu, WhatsApp na Facebook. Naweka sehemu kumi za mwanzo bure, sehemu ya 11 naikata pale mume anapofungua mlango, ukitaka kujua aliona nini tuma buku. Sina mhariri, sina kikao cha mauzo, sina sijui ithibati. Mnadhani niko huru? Nina wateja zaidi ya mia kwenye kundi na kila mmoja ni mkurugenzi. Kuna siku nilimuua mhusika mmoja, kijana mpole, alitakiwa afe tangu sehemu ya kwanza, yani hadithi nzima imejengwa juu ya kifo chake. Kabla ya saa sita usiku watu walikuwa wameanza kudai hela zao. Mama mmoja kanitumia voisi noti analia kweli. Unajua nilifanya nini? Nikamfufua. Sehemu iliyofuata ikatokea kwamba waliyemzika alikuwa pacha wake. Pacha! Hajatajwa popote! Na wakashangilia, na hela ikaingia, na nikalipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo mleta uzi, wewe umekutana na mtu mmoja anayekwambia muadhibu nesi, huku kwangu wangetaka nesi awe na siri ya kijini, daktari ampende na mkaguzi awe baba yake mzazi aliyepotea.

#6 MLETA UZI

Hiyo ya pacha nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Lakini swali la ukweli, @Itaendelea, ile hadithi kama ilivyotakiwa kuwa, ya kijana kufa, unayo mahali?

#7 ITAENDELEA

Ninayo. Iko kwenye laptopu, hajaisoma mtu. Siku nikipata mchapishaji mstaarabu ndo ntaitoa hiyo, ya pacha ntaikana mahakamani.

#8 KURASA ZA USIKU

Nimesoma wote mko na hoja ila naona mnachanganya vitu viwili, mhariri anayekata kwa sababu ya soko na mhariri anayekata kwa sababu ana ladha yake. Huyo wa pili ndo hatari zaidi maana huwezi hata kumtukania tamaa ya pesa.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Mmarekani Raymond Carver na mhariri wake Gordon Lish pale kwa wachapishaji Knopf. Diwani iliyomtoa Carver, ya mwaka 1981, Lish aliikata maneno zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu wakuu. Miisho akabadilisha, vichwa vya hadithi akabadilisha. Carver alipoona, akamwandikia barua ndefu tarehe 8 Julai 1980 akimsihi asitishe uchapaji, mtu mzima anaomba kama mtoto. Kitabu kikatoka hivyohivyo kilivyokatwa. Na kikampa jina kubwa.

Angalia hadithi moja tu. Mtoto anagongwa na gari siku yake ya kuzaliwa, mama alishaagiza keki, muoka mikate hajui lolote anapiga simu kudai keki yake ikachukuliwe, anapiga na anapiga. Toleo la Lish linakatikia kwenye simu, baridi kabisa, unabaki na hofu. Toleo la Carver mwenyewe mtoto anakufa, wazazi wanaenda kule bekari usiku wa manane wakiwa na hasira ya kuua, yule mzee akishajua anawaomba msamaha, anawakalisha, anawapa mikate ya moto kutoka kwenye oveni, wanakula na kuongea mpaka alfajiri. Ni hadithi mbili tofauti, hata roho zake tofauti. Carver aliirudisha hiyo ya mikate kwenye kitabu chake cha 1983, na diwani nzima kama alivyoiandika ikaja kuchapwa 2009, yeye alishafariki tangu 1988.

Mimi napenda ya mikate. Lakini nina rafiki anaapa kwamba Lish ndiye aliyekuwa sahihi, na hatujaelewana mpaka leo.

#9 MHARIRI MCHOVU

Na hapo ndo pa kujifunza, Carver aliweza kuzirudisha kwa sababu bado zilikuwa zake. Huku kwetu nimeona waandishi wanasaini karatasi inayosema "haki zote, kwa muda wote, kwa namna zote" kwa malipo ya mkupuo, hasa kwenye hizi diwani za watu wengi ambako kila mmoja anachangia hadithi moja, halafu baada ya miaka anataka kuiweka kwenye diwani yake mwenyewe anakuta hana ruhusa ya kuchapa hadithi aliyoitoa kichwani mwake.

#10 MLETA UZI

Nashukuru wakuu, nimesoma mpaka mwisho. Niongeze cha kwangu, maana nilikuwa karibu kukubali kila kitu kwa ile hoja ya "ingia kwanza, utapigana ukiwa ndani".

Kilichonirudisha nyuma ni James Joyce, yule mwandishi wa Ireland, na diwani yake ya hadithi fupi, Dubliners. Tulivyosimuliwa ni kwamba alikuwa mbishi, hakukubali kubadilisha, akateseka, akashinda. Si kweli kihivyo. Mwaka 1906 Grant Richards wa London alikubali kuichapa, halafu mpiga chapa akagoma, maana sheria ya Uingereza wakati ule ilikuwa inaweza kumkamata hata mpiga chapa kwa maneno yasiyofaa. Joyce akafoka kwanza, kisha akalegea. Tusi hapa akafuta, pale akalainisha, akasogeza hiki na kile. Na mwaka huohuo wakamrudishia mswada! Akahamia Maunsel wa Dublin 1909, hao shida yao ikawa maneno juu ya mfalme na majina ya baa za kweli. Jamaa akafika mahali pa kumwandikia Mfalme George V amuulize kama hadithi inamkwaza, wakamjibu kwamba si desturi ya mfalme kutoa maoni kwenye mambo hayo. 1912 kitabu kimeshachapwa, karatasi zikaharibiwa. 1914 akakichapa nani? Grant Richards yuleyule wa mwanzo. Tena kwa mkataba unaomtaka Joyce anunue nakala 120 mwenyewe na asilipwe mrabaha mpaka zipite 500, na mwaka wa kwanza hazikufika.

Ninachokiona hapo ni kwamba aliyeogopa hatulizwi na neno moja kufutwa. Ukimpa bia atataka chumba, ukimpa chumba atataka nesi, ukimpa nesi atagundua jina la mtaa lina ubaya. Kwa hiyo swali langu la "mpaka wapi" nadhani nililiuliza vibaya. Kila badiliko nitaliuliza lenyewe linamsaidia nani, na kama jibu ni "mtu ambaye hatakisoma kitabu", sibadilishi. Kwenye bia mwalimu anaweza kupata usumbufu wa kweli darasani kwa hiyo naelewa, naweza kupunguza. Kwenye nesi hapana. Riwaya hapana, zile hadithi tatu zina mtaa mmoja lakini hazina moyo mmoja, nikiziunganisha itabidi nizalishe kurasa mia za watu kunywa chai.

#11 MWALIMU WA FASIHI, KENYA

Hebu ngoja. Si walikuomba maswali mwishoni mwa kila hadithi? Wape! Acha mwisho wako ulivyo, na swali la kwanza liwe: "Je, nesi alistahili kuadhibiwa? Jadili ukirejelea matukio ya hadithi. (alama 10)". La pili: "Andika mwisho mwingine wa hadithi hii." Mtu wa mauzo ataona maadili yamejadiliwa, mzazi akipiga simu mwalimu ana ukurasa wa kumwonyesha, na mkaguzi wako ataandikwa na watoto wa Form Three, wengine watamwandika naye anapewa kitu kidogo, nawajua.

#12 MHARIRI MCHOVU

Mwalimu, hilo ningelipitisha mimi kikaoni asubuhi na mapema. Ni kweli tunachotafuta mara nyingi si adhabu, ni kitu cha kujibia simu.

Mleta uzi, ukiandika barua yako usianze na sanaa. Usitaje Joyce wala Carver, hawatasoma. Anza na hilo la maswali, kwa sababu unawapa walichoomba. Kisha sema bia utapunguza wapi, uwataje ukurasa. Kisha nesi. Riwaya ongea mwisho, na ukiweza wape wazo la soko, kwa mfano Kenya hadithi fupi inatahiniwa, wana wakala upande huo? Hilo mkurugenzi atalisoma mara mbili.

Kwenye mkataba dai vitu hivi hata kama watakuona msumbufu. Hakuna badiliko la maana bila idhini yako ya maandishi, na uone prufu ya mwisho kabla haijaenda kiwandani. Unawapa haki ya kuchapa diwani kwa Kiswahili, hadithi moja moja zibaki zako, redio, filamu na tafsiri zijadiliwe peke yake. Kitabu kikiisha sokoni wasipochapa tena kwa muda mtakaokubaliana, haki zikurudie. Na ujue Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki ya kutambuliwa kama mtunzi na haki ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokushushia heshima. Sikushauri uende nayo mahakamani kwa ajili ya bia, ila ni vizuri mwenzako ajue kwamba unaijua.

#13 BI MKUBWA WA UNGUJA

Mie nimesoma kimya kimya tu mpaka hapa. Mwanangu, hiyo tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu hukuijaribu? Wale hawauzi, labda wangekuachia nesi wako.

#14 MLETA UZI

Shikamoo bi mkubwa. Niliitazama, lakini walipoanza kuitoa 2023 ilikuwa riwaya na ushairi, hadithi fupi tukabaki tena nje mlangoni na viatu mkononi. Ndo yaleyale ya kiti aliyosema mhariri hapo juu.

Barua nimeituma leo, nimeanza na maswali kama nilivyoelekezwa. Mkataba nimeomba waniletee rasimu kabla ya kuendelea na komenti nyingine zozote. Bia nimezipunguza, zimebaki za yule fundi cherehani tu maana yeye bila bia hana hadithi. Chumba, nimewaozesha. Ndoa ya mkeka, sentensi moja, hakuna aliyeumia na kwa kweli ugomvi wao wa asubuhi umekuwa mtamu zaidi.

#15 CHA MTU MAVI

Umewaozesha 😂😂 na mahari nani katoa?

#16 KURASA ZA USIKU

Ukiambiwa lolote rudi utuambie. Na @Itaendelea ile ya kijana kufa nitumie, buku yako hii hapa.

#17 MGENI HUMU

Habari wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimeusoma wote. Mleta uzi naomba jina la huyo mchapishaji inboksi tafadhali, na mimi nina mswada. Wangu mhusika ameshapata adhabu.